Mkuza wa Umeme na Hifadhi ya Barabara: Kukosoa Hoja Moja

Katika madarasa yetu ya itikadi mkoani Songwe, hoja moja huzuka kila tunapofika kwenye mipango ya uchumi. Makada huuliza: kwa nini nyaya za umeme mkubwa zisipite ndani ya hifadhi ya barabara kuu, ambayo tayari ni mali ya umma, badala ya kukata mashamba ya wakulima? Msimamo wa hoja hii ni sahihi. Hesabu yake ina kasoro, na kada asiyejua hesabu hunyamazishwa na mtaalamu hata akiwa upande wa haki.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 45 hadi 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Humo mna lami, mabega, mitaro, na nafasi ya kupanua barabara ya Igawa hadi Tunduma. Laini ya kilovoti 400, kama ya mradi wa TAZA wa kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, hudai mkuza wa zaidi ya mita 50. Haienei. Anayeilazimisha ataing'oa barabara itakapopanuliwa, kwa fedha za wananchi walewale.

Hata hivyo hoja haifi. Minara ikisimama pembeni tu mwa hifadhi, sehemu ya mkuza huangukia juu ya ardhi ya barabara, ambako hairuhusiwi kujenga nyumba. Mkulima hupoteza upana mdogo zaidi, na mafundi hutumia barabara iliyopo bila kufyeka njia mpya. Hata Marekani, ambako hakuna anayewashuku kwa ujamaa, jimbo la Wisconsin lilitunga sheria mwaka 2003 kwamba laini mpya zitangulie kutafutiwa nafasi kwenye mikuza iliyopo, zikiwemo barabara kuu na reli.

Tunduma inaijua njia hii. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilihitaji mlango wa bahari, na ukanda huu ukapata bomba la TAZAMA mwaka 1968, kisha barabara ya lami na reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Ujirani huo una masharti. Nyaya za msongo mkubwa zikienda sambamba na bomba la chuma kwa masafa marefu huamsha umeme ndani ya bomba. Fundi anayeligusa anaweza kudhurika na chuma huweza kuliwa. Kwa hiyo wa bomba, wa reli, wa barabara na wa umeme lazima wakae meza moja kabla ya kigingi cha kwanza.

Wasipokaa, anayelipa ni mkulima. Tuchukue shamba la kahawa la Mbozi linalopakana na barabara. Idara ya kwanza inapima mbele na kuchora alama ya X: nyekundu kwa aliyeingia hifadhi ya zamani, asiyelipwa, kijani kwa aliyekutwa na nyongeza ya mita 7.5, anayestahili fidia. Miaka ikipita, idara ya pili inapima nyuma kwa ajili ya minara. Chini ya nyaya atapanda maharage, lakini hajengi wala hapandi miti mirefu. Katikati kinabaki kipande kisichotosha nyumba na kahawa pamoja. Nani alipe kipande hicho? Wa barabara hakukichukua, wa umeme hakukichukua. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka. Kila idara itaonyesha stakabadhi zake na kudai imetimiza, na mtu amekwisha kuhama.

Hapa ndipo tunapowakosoa baadhi ya wenzetu. Mwongozo wa TANU wa 1971 uliagiza wananchi washirikishwe katika kupanga, nao wanahesabu kuwa wamelitimiza agizo kwa kuitisha mkutano na kusoma orodha ya majina ya watakaolipwa. Mkutano wa kijiji unaoletewa ramani ya minara peke yake uombe na ramani ya upanuzi wa barabara, zote kwa kipimo kimoja, na muhtasari usitiwe saini mpaka ziwekwe juu ya meza.