Barua ya Rosa

Kitabu cha Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, kilichotolewa mwaka 1971, kilikatazwa shuleni kwa muda, kwa kuwa wakubwa walikiona kina mambo ya aibu. Wanafunzi, ambao ndio waliokuwa wakilindwa, hawakuulizwa neno.

Sisi twaona aibu iliyo kubwa zaidi imo katika kurasa za mwanzo. Zakaria, babaye Rosa, aipata barua ya mvulana, naye ampiga binti vibaya. Hamsikilizi kwanza. Tangu hapo Rosa awaogopa wanaume. Na hofu, wapenzi wasomaji, si adili. Hata alipofika mbali na fimbo ya baba, hakuwa amejifunza kuchagua, akaangamia. Hapo mwandishi amesema kweli. Lakini twamlaumu kwa jambo moja: aliharakisha mno anguko la Rosa, dhambi juu ya dhambi, hata msomaji mvivu aweza kufunga kitabu akisema binti alikuwa mbaya tu.

Na huku kwetu Lupiro je? Majira ya mpunga watu wahamia mashamba ya mbali, na mtoto huambiwa tu, "Twende ukaamie ndege." Mzee Eli alimsikiliza mtoto Samweli, tena Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yaamuru mtoto asikilizwe katika mambo yamhusuyo. Nasi walimu, arudipo darasani, twamwuliza alikuwa wapi, na fimbo tumekwisha kuishika.