Wanaoikata Sekunde

Wapo wanaosifu darubini kwa ukubwa wake. Mimi nasifu wepesi wa sikio. Jua linapolipuka, mawimbi yake ya redio ya masafa ya juu hupanda kwa dakika kadhaa kisha hushuka, na kipokezi kizito huchora kilima kimoja laini. Kipokezi chepesi hukikuta kilima hicho kina meno kama msumeno. Ndivyo ilivyo mvua juu ya bati: aliye mbali husikia mvumo, aliye chini ya paa husikia kila tone.

Meno hayo yalimshughulisha Pierre Kaufmann na wenzake wa Brazil, pale Itapetinga, Atibaia, karibu na São Paulo, kwenye dishi la mita 13.7. Tarehe 21 Mei 1984 walinasa mlipuko ambao nguvu yake ilizidi kadiri masafa yalivyopanda hadi gigahezi 90, nao umejaa midundo ya haraka mno.

Fundi mwaminifu hapo hujiuliza: ni Jua hili, au ni hewa? Maana mvuke wa maji angani huyayumbisha mawimbi haya. Baadaye dishi lile lile lilifungwa vipokezi vitano vya gigahezi 48, kila kimoja kikitazama pembeni kidogo ya mwenzake, kikipima kila milisekunde. Hewa ikichafuka, vyote huyumba pamoja, kwa kuwa vinatazama kupitia hewa ile ile. Mdundo wa kweli hutoka mahali pamoja usoni mwa Jua. Kila kipokezi huupata kwa kiasi chake, na ukivilinganisha viasi hivyo unapajua mahali penyewe. Kwangu mimi huu ni ufundi wa hali ya juu kabisa.

Halafu ipo hesabu. Mwanga hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, na kitu hakiwezi kuwaka na kufifia upesi kuliko mwanga unavyokivuka. Mdundo wa milisekunde 30, basi, umetoka mahali pasipozidi kilomita 9,000, padogo kuliko Dunia, kwenye Jua lenye upana wa kilomita milioni 1.4. Saa ndiyo iliyopapima.

Mwaka 1999 kazi hiyo ilipanda hadi El Leoncito, milimani Argentina, kwenye hewa kavu, kusikiliza gigahezi 212 na 405. Dishi la huko lina kipenyo cha mita 1.5. Yale madishi ya zamani ya televisheni yaliyosimama nyuani kwetu, mengi yalikuwa makubwa kuliko hilo.