Tamthilia na Istilahi za Udanganyifu
Yafaa tuipime tamthilia ya televisheni kama chombo cha kufundishia msamiati. Kijana wa Igogo, Mwanza, ajifunzaye Kiingereza kwa kutazama The Dropout (2022), kisa cha Elizabeth Holmes wa kampuni ya Theranos, huyashika maneno upesi, kwani huyaona yakitendeka. Upungufu huanza anapoyapa yote tafsiri moja: “ufisadi”. Holmes alitiwa hatiani Januari 2022 kwa kuwalaghai wawekezaji. Huo ni udanganyifu. Kuibandika ripoti nembo ya kampuni nyingine ili ionekane ni yake ni kughushi. Mhasibu wa ushirika alaye fedha alizokabidhiwa hufanya ubadhirifu. Kosa lisipotajwa kwa jina lake mahakamani, mkosaji aweza kuponyoka. Twawasihi walimu wazifundishe istilahi hizi kwa jozi, Kiingereza kando ya Kiswahili.