Mti Bila Ua: Uhakiki wa Fasili za Miti ya Mikoko katika Kamusi za Kiswahili

Fasili za miti katika kamusi wahidiya za Kiswahili mara nyingi huegemea tunda na matumizi ya mbao. Mazoea hayo yana asili ya kitaalamu. Mwaka 1735 Linnaeus aliainisha mimea kwa kuhesabu stameni na pistili, na hadi leo ua na tunda ni msingi wa maelezo ya kibotania. Hata hivyo, kuainisha si kutambua. Anayekutana na mti porini mara nyingi huwa na jani, gome na mzizi tu. Ua halijachanua, au tunda limekwisha kuanguka.

Kasoro hiyo hudhihirika zaidi katika miti ya maji chumvi. Kiswahili sanifu kimelipanua neno mkoko likawa jina la jumla la miti yote hiyo, ilhali wakata boriti wa pwani huipambanua bila kusubiri msimu wa maua. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyopinda kama matao, na jani lake huishia kwa kincha kikali. Jani la mkandaa, mti wa jamii hiyohiyo, huishia kwa mviringo. Mchu huchomoza mizizi myembamba kama penseli, na jani lake huwa la kijivu upande wa chini. Mlilana huchomoza mizizi minene yenye umbo la pia. Muia, uitwao msinzi kwingineko, hukunja mizizi mithili ya magoti. Mkomafi una mizizi iliyosimama kama mbao nyembamba, na gome lake hubambuka.

Fasili inayokomea kwenye "aina ya mti uotao pwani" ni kweli kwa miti yote sita, na kwa sababu hiyo haiutambulishi hata mmoja. Athari yake haiishii kwenye maneno. Mkoko ukipandwa mahali pa mlilana au mchu, ukingoni panapopigwa na mawimbi, miche mingi hufa. Agizo la "kupanda mikoko" halimpi mpandaji onyo lolote.

Kamusi haipaswi kugeuka kitabu cha botania. Kila kidahizo cha mti kinahitaji angalau sifa moja bainifu inayoonekana mwaka mzima: mzizi, gome, jani, harufu au utomvu. Tunda na matumizi vifuate baadaye. Wakata boriti wanazo sifa hizo. Kinachosubiriwa ni mwanaleksikografia kuziandika.