Kikumushi Kisicho na Mwenyewe

Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya pili ya Kiingereza hutenga alama 15 kati ya 80 kwa sarufi, na baadhi ya alama hizo hutolewa kwa kuandika upya sentensi pasipo kubadilisha maana yake. Kwa mwanafunzi wa Bofu, huko Likoni, ambaye Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani na ya mtaani, kosa linalonasa zaidi ni la mahali pa kikumushi, yaani neno au kifungu kinachofafanua kingine, na chanzo chake si uzembe: kazi ambayo Kiswahili huifanya kwa viambishi, Kiingereza huifanya kwa mpangilio wa maneno.

Ichukuliwe sentensi "Crossing the channel, my phone fell into the water." Msemaji wa Kiswahili angesema "Nilipokuwa nikivuka, simu yangu ilitumbukia majini," na kiambishi ni- kingemtaja mvukaji hata kabla simu haijatajwa. Neno "crossing" halina kiambishi cha aina hiyo, hivyo msomaji humtafuta mtendaji katika nomino ya kwanza baada ya mkato, akaikuta simu, kana kwamba ndiyo iliyopanda feri. Marekebisho yako mawili. La kwanza humrudisha mtendaji ndani ya kifungu chenyewe: "As I was crossing the channel, my phone fell into the water." La pili humweka mara tu baada ya mkato: "Crossing the channel, I dropped my phone into the water." Hili la pili ni fupi na lapendeza, ila simu iliyoanguka yenyewe sasa imeangushwa na mtu; kwa hiyo, pale maagizo yanapokataza kubadilisha maana, la kwanza ndilo salama.

Hali ni hiyo hiyo katika "The trader sold a basket to a tourist with a broken handle," ambamo mpini uliovunjika umebandikwa kwa mtalii. Kiswahili kingeamua kwa "chenye" au "mwenye", popote kifungu kilipo, ilhali Kiingereza hakina budi kukisogeza kando ya "basket". Hata hivyo, kinga hiyo ya Kiswahili ina mpaka, kwa kuwa katika "mama wa mtoto aliyeanguka" ngeli ni moja na haijulikani nani alianguka.

Ulinganifu, yaani kanuni kwamba mambo yanayoorodheshwa pamoja yawe na umbo moja, huharibika kwa njia nyingine. Kiambishi ku- cha "kuogelea, kupika na kusoma" hubeba maumbo mawili ya Kiingereza, ndiyo maana "She likes swimming, cooking and to read" haimkwaruzi mwanafunzi sikioni, ingawa yafaa iishie kwa "reading". Makosa yote mawili hukutana katika "He not only sells fish but also vegetables": "not only" imetangulia kitenzi, "but also" imetangulia nomino, na kuhamisha maneno mawili tu kunatosha: "He sells not only fish but also vegetables."

Walimu wa Likoni na waanzie kwenye "ni-" na "chenye", ambavyo wanafunzi huvitumia kila siku bila kukosea, kisha wawaulize Kiingereza kimeihamishia wapi kazi hiyo.