Kufa na Kufiwa: Gharama ya Mauti katika Michezo ya Mapigano ya Mtandaoni

0. Utangulizi

Kutokana na mzizi mmoja, -fa, Kiswahili kimejenga vitenzi viwili ambavyo hakuna mzungumzaji anayevichanganya: kufa na kufiwa. Kufa humpata marehemu. Kufiwa humpata aliyebaki. Katika maisha ya kawaida mtu hawezi kutendwa na vitenzi hivi viwili kwa tukio lilo hilo moja, kwani aliyelala jenezani hapokei rambirambi. Hata hivyo, iko fani moja ya zama hizi inayoivunja kanuni hiyo kila siku, nayo ni michezo ya kompyuta inayowakutanisha maelfu ya watu katika ulimwengu mmoja wa kubuni kwa njia ya mtandao. Humo mhusika huuawa na mhusika wa mtu mwingine, naye mchezaji aliyekuwa akimwongoza hubaki kitini pake, akihesabu alichopoteza. Mhusika amekufa, mchezaji amefiwa, na aliyemfia ni nafsi yake ya pili.

Hasara hiyo inayofuata kifo huitwa na wachezaji “adhabu ya kifo”. Yafaa istilahi hii itazamwe kwa hadhari. Katika sheria, adhabu ya kifo ni hukumu ambayo kifo ndicho tamati yake. Katika michezo mpangilio umepinduliwa: kifo ndicho chanzo, nayo adhabu hufuata nyuma yake. Ili kuepuka utata, makala haya yatatumia maneno “gharama ya mauti”.

Mjadala juu ya gharama hiyo una pande mbili zilizozoeleka. Wapo wanaodai kwamba pasipo hasara kubwa hapana ujasiri, na ushindi hugeuka mchezo wa kitoto. Wapo pia wanaojibu kwamba hasara kubwa huwafukuza watu na kuwaachia wakorofi uwanja. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba pande zote mbili zimeuliza swali moja pungufu. Zimeuliza gharama iwe kubwa kiasi gani. Hazikuuliza vya kutosha ni nani anayeilipa.

1. Mzimu asiyesikika

Suala hili lina umri sawa na fani yenyewe. Katika mchezo wa MUD, ulioanzishwa mwaka 1978 na Roy Trubshaw na kuendelezwa na Richard Bartle katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, hapakuwa na picha. Palikuwa na maandishi matupu. Hata hivyo waandishi wake walitofautisha aina mbili za mauti. Aliyeangukia ajali aliweza kurejea. Aliyeuawa katika pigano alifutwa kabisa. Hapo tayari kifo cha mkononi mwa mwenzi kilipewa uzito ambao kifo cha bahati mbaya hakikupewa.

Mchezo ulioliweka jambo hili mbele ya umati ni Ultima Online, uliotolewa nchini Marekani mwezi wa Septemba 1997 chini ya uongozi wa Richard Garriott, Raph Koster akiwa mbunifu wake mkuu. Kwa upande wa fani, picha yake ya mauti inastahili sifa. Mhusika aliyeuawa aligeuka mzimu, akavishwa kanzu ya kijivu, na kila alichotamka kiliwafikia walio hai kama mlio usio na maana wa “oo” zilizofuatana. Ni yule tu aliyejifunza ustadi wa kuzungumza na mizimu aliyeweza kumwelewa. Wakati huo maiti ilibaki ardhini na mali yake yote, nayo haikuwa na mlinzi. Mzimu alisimama kando akitazama silaha zake zikichukuliwa, akipiga kelele ambazo hakuna aliyezielewa. Ni vigumu kupata taswira iliyo wazi zaidi ya kufiwa.

Ama kuhusu maudhui, hapo ndipo kasoro ilipojificha. Mfano unaofaa ni ule wa mchimba madini katika viunga vya Minoc, mji mmojawapo wa ulimwengu huo. Kazi yake ilimlazimu kubeba sururu na mzigo mzito wa mawe ya chuma. Kazi hiyo ndiyo iliyomtoa nje ya mji, ambako askari walinzi hawakufika. Mwuaji naye alichagua saa, mahali na mtu wa kumshambulia. Mali yake ya thamani aliiacha salama bengini, akavaa kile tu alichokuwa radhi kukipoteza. Sheria ilikuwa moja kwa wote: afaye huacha vyote. Lakini “vyote” vya mchimbaji vilikuwa jasho la siku nzima, na “vyote” vya mwuaji vilikuwa upanga wa bei ya chini. Sheria iliyo sawa kwa maneno ilikuwa imezaa gharama zisizo sawa kwa vitendo.

Tukio la Agosti 1997, wakati mchezo ungali katika majaribio, linaweza kusomwa kwa namna hiyohiyo. Mhusika wa Garriott mwenyewe, mfalme Lord British, aliuawa kwa uchawi wa moto mbele ya hadhara, kwa sababu kinga yake haikuwa imewashwa. Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi kama ushindi wa mnyonge juu ya mwenye nguvu. Kwa kipimo cha makala haya, maana yake ni finyu zaidi: mfalme alikufa, lakini hakufiwa. Hakuna alichopoteza ambacho hakuweza kujirudishia siku hiyohiyo.

Waandishi wa mchezo waliitambua kasoro hiyo, wakajaribu kuitibu. Waliokithiri kwa mauaji waliandikwa majina yao kwa rangi nyekundu, na kwa kipindi fulani mhusika mwekundu aliyekufa alipunguziwa ujuzi alioujenga kwa muda mrefu. Dawa hii ililenga palepale penye ugonjwa, maana ilimlazimisha mwindaji naye kuwa na kitu cha kufiwa. Lakini mwaka 2000 uamuzi mwingine ulipitishwa: ulimwengu uligawanywa mara mbili, Felucca ambako mauaji yaliendelea, na Trammel ambako mtu hakuweza kuuawa na mwenziwe pasipo ridhaa. Wengi walihamia Trammel. Kuhama huko si ushahidi kwamba watu huchukia hatari. Ni ushahidi kwamba huchukia hatari wanayoibeba peke yao.

2. Mabaki ya meli

EVE Online, uliotolewa mwezi wa Mei 2003 na kampuni ya CCP ya Iceland, umejengwa juu ya hasara. Meli ikivunjwa haifufuki. Bima hurudisha sehemu ya thamani ya meli yenyewe. Ama vifaa vilivyofungwa ndani yake, baadhi huteketea na baadhi huokotwa na yeyote aliye karibu.

Sifa ya mfumo huu ilidhihirika tarehe 27 na 28 Januari 2014, katika mfumo wa nyota uitwao B-R5RB. Muungano mmoja ulikosa kulipa ada ya kumiliki eneo hilo, adui akaingia, na pigano likaendelea kwa muda wa saa 21 hivi. Zaidi ya wachezaji 7,000 walishiriki. Meli 75 za daraja la titani, ambazo ndizo kubwa kuliko zote na huundwa kwa kazi ya miezi ya watu wengi, ziliangamizwa. CCP ilikadiria hasara yote kuwa zaidi ya dola 300,000 za Kimarekani. Baadaye iliweka mahali hapo mabaki ya meli yawe ukumbusho wa kudumu. Jambo la kuzingatiwa na mhakiki ni hili: hakuna anayejenga mnara mahali ambapo hakuna aliyefiwa. Na pale B-R5RB pande zote mbili zilifiwa. Kila kamanda aliyeingiza titani alijua kwamba huenda asiitoe. Ukubwa wa hasara ulikuwa na maana kwa kuwa ulikuwa wa pamoja.

Lakini mchezo huohuo una sura nyingine. Katika maeneo yaitwayo salama wako polisi, CONCORD, ambao hawazuii shambulio bali huliadhibu baada ya kutokea. Basi washambuliaji huja na meli nyingi za bei nafuu, huivunja meli kubwa ya mizigo, huvunjwa na polisi kama walivyotarajia, kisha mwenzao huokota shehena. Kwa miaka kadhaa washambuliaji hao walilipwa hata bima ya meli walizozitoa kafara. Malipo hayo yaliondolewa mwishoni mwa mwaka 2011. Marekebisho hayo madogo ni ukiri mkubwa. Hayakumwongezea msafiri ulinzi wowote, wala hayakupunguza hasara yake. Yalichofanya ni kumtaka mshambuliaji agharimie kifo chake mwenyewe.

Hapa yaweza kuletwa pingamizi lenye nguvu. Vita, watasema wengine, havijawahi kuwa na usawa. Mwizi wa njiani hashindani na msafiri kwa mizani, na ni yeye anayeifanya safari kuwa safari. Msafara usio na hatari hauhitaji walinzi, wala urafiki, wala werevu. Pingamizi hili lina ukweli, na mtu aliyewahi kuvusha shehena mahali pa hatari katika michezo hii atalikubali. Hata hivyo linasahau jambo moja. Ulimwengu wa mchezo haukuumbwa na maumbile, umetungwa. Kila hasara iliyomo iliandikwa na mtu, kama vile mtunzi anavyoamua ni mhusika gani afe katika sura ya tatu. Dhuluma iliyomo katika dunia yaweza kuelezwa. Dhuluma iliyomo katika kanuni lazima itetewe.

3. Mauti mepesi

World of Warcraft, uliotolewa na kampuni ya Blizzard mwezi wa Novemba 2004, ulichukua njia ya upole. Aliyeuawa hugeuka mzimu, hukimbia kutoka makaburini hadi penye maiti yake, akafufuka. Haibiwi kitu. Akiuawa na mchezaji mwingine, hata vifaa vyake haviharibiki. Ingedhaniwa kwamba kwa njia hiyo tatizo limekwisha.

Halikwisha. Mwenye nguvu alijifunza kukaa juu ya maiti akimngoja mwenyewe afufuke ili amwue tena, na tena, saa nzima. Mali haikupotea, kilichopotea ni muda na heshima. Aliyeua hakuhatarisha lolote, kwani naye angekufa bila gharama. Kwa hiyo mauti mepesi hayakuleta haki: yalipunguza machungu ya mmoja na kuondoa kabisa woga wa mwingine. Kati ya watu wawili wasiofiwa, mwenye nguvu zaidi hana sababu ya kuacha.

Jibu bora zaidi lilitokea ndani ya mchezo huohuo karibu miaka ishirini baadaye. Mwezi wa Agosti 2023 Blizzard ilifungua seva ambamo mhusika ana uhai mmoja tu. Akifa haendelei tena humo, ingawa aweza kuhamishiwa seva ya kawaida. Humo shambulio la kuvizia halina nafasi kubwa, ila kuna pigano liitwalo mak’gora, yaani pigano la kufa. Mmoja huomba, mwingine hukubali, na atakayeshindwa amemaliza safari yake. Mshindi hupewa alama ya masikio, na hesabu yake huonekana na wote. Gharama hapa ni kubwa kuliko ile ya mchimba madini wa Minoc, maana kinachopotea ni mhusika mzima na siku nyingi za kazi. Lakini hakuna anayesema kwamba ameonewa, kwa kuwa wote wawili waliweka dau lilelile mezani kabla ya upanga wa kwanza kuinuliwa.

Tukio la mwezi wa Machi 2025 linathibitisha hoja hii kwa njia ya kinyume. Watu walio nje ya mchezo waliishambulia mitambo ya mtandao, miunganisho ikakatika, na wahusika wa kikundi mashuhuri wakafa katikati ya mapambano. Blizzard, ambayo kanuni yake ilikuwa kutomfufua mtu hata aliyekufa kwa kukatikiwa na mtandao, ilitangaza kwamba itawafufua waliokufa kwa mashambulizi hayo. Wapo waliosikitika kwamba kanuni imevunjwa. Kwa kweli imefafanuliwa. Mshambuliaji wa mitambo hakuwa na mhusika, hakuwa na uhai, hakuwa na dau. Yeye ni mwuaji wa Minoc aliyefikishwa kikomo chake: anayeua pasipo uwezekano wowote wa kufa.

4. Hitimisho

Imeonekana kwamba gharama kubwa ya mauti ilizaa kumbukumbu ya heshima pale B-R5RB na katika mak’gora, na ikazaa uonevu pale Minoc na katika njia za mizigo. Imeonekana pia kwamba gharama ndogo haikumzuia mkaa juu ya maiti. Kwa hiyo ukubwa wa gharama si kipimo cha ubora wa mchezo. Kipimo ni kama aliyeua naye alikuwa wa kufiwa.

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuuliza, wanaposoma vita katika tenzi au riwaya, nani alishinda na kwa hila gani. Fani hii mpya inawafundisha kuuliza swali jingine kabla ya hayo, swali ambalo lugha yao ilikwisha kuliandaa kwa kutenganisha vitenzi viwili: katika pigano hili, ni nani aliyeweza kufa tu, na ni nani aliyeweza kufiwa?