Sentensi Iliyovuka Ruzizi

Tarehe 8 Desemba 2023 Rais Félix Tshisekedi alikuwa Bukavu akiomba kura. Mkutano wa kampeni una mambo mengi, lakini kilichovuka Ruzizi na kubaki kwenye simu zetu ni sentensi moja: kwamba Rais Kagame, kwa kuwa ametaka kujifanya kama Hitler, ataishia kama Hitler. Hapa Nyarushishi kuna watoto wanaoijua odio hiyo kwa moyo, na ukiwauliza Hitler ni nani, wanacheka tu.

Nataka kuiangalia sentensi hiyo kama tunavyoangalia wimbo au shairi: imeundwaje, inafanya kazi gani. Nani ana haki katika ugomvi wenyewe, hilo si la ukurasa huu, na tena ninaandika nikiwa mgeni katika nchi ya watu.

Kwa ufundi, imekaa sawasawa. Ina miguu miwili, "kwa kuwa" na "basi". Jina la kutisha linaingia mara mbili, na mara ya pili liko mwisho kabisa, pale makofi yanapoanzia. Haitaki maelezo wala hesabu. Ukiikata mbele na nyuma haipungukiwi kitu, na hapo ndipo unaona kwamba imeumbwa ili ikatwe. Wale waliosimama uwanjani juani walikuwa kama wapambe wa harusi. Aliyekuwa anaambiwa hasa ni mwenye simu, awe Kinshasa, Lubumbashi au Bruxelles.

Mambo haya si mageni. Mtafiti mmoja wa Marekani, Daniel Hallin, alipima habari za televisheni za kampeni za urais kwao. Mwaka 1968 mgombea alisikika akisema mwenyewe, bila kukatwa, kwa wastani wa sekunde 43. Mwaka 1988 zilibaki 9. Wanasiasa si wajinga, bwana. Ukimpa mtu sekunde 9, atakuletea maneno ya sekunde 9.

Sasa sekunde 9 zinabeba nini? Jina zinabeba, ahadi zinabeba, tusi zinabeba vizuri sana. Ngomo hazibebi. Aliyewahi kutoka Bukavu kwenda Uvira anajua ninachosema: ile njia ya mlimani, korongo upande mmoja, lori limekwama mbele yako. Ndiyo maana wengi wetu, mpaka ukiwa wazi, tulikuwa tunavuka huku Rwanda, tunashuka mpaka Bugarama, halafu tunaingia tena Kongo kwa Kamanyola. Raia anapita nchi ya jirani ili afike mji mwingine wa nchi yake! Jambo hilo linataka nusu saa: pesa zitoke wapi, nani ajenge, nani alinde. Mshahara wa askari nao unataka nusu saa yake. Lakini nusu saa ya namna hiyo haitumwi kwenye WhatsApp.

Ufupi wenyewe siukatai. Tarehe 14 Oktoba 2002, Uhuru Park, Nairobi, Raila Odinga alisema maneno mawili: "Kibaki tosha." Nayo yalikatwa, yakarudiwa nchi nzima, na Desemba Mwai Kibaki akawa rais. Ila angalia aliyeyasema. Raila naye aliutaka urais, na kwa maneno yale aliuachia mwingine mbele ya umati. Gharama ilitoka mfukoni mwake. Edward Lowassa, kwenye kampeni ya Tanzania ya 2015, alisema kipaumbele chake ni "elimu, elimu, elimu", wimbo ambao Tony Blair alikuwa ameuimba Uingereza mwaka 1996. Huo haukumgharimu yeyote kitu, labda masikio.

Sentensi ya Bukavu nani aliilipia? Aliyeisema alirudi Kinshasa na ulinzi wake, na akashinda kwa zaidi ya asilimia 73. Lakini kuna Wakongo wanaosema Kinyarwanda, Banyamulenge na wengine, ambao kila rais wa jirani akitukanwa wao ndio wanaulizwa sokoni, "Na wewe je?" Na kuna mama anayeuza nyanya Kamembe, mteja wake akiwa ng'ambo. Sentensi ile haikuwa na nafasi ya kumtofautisha mtu na mtu. Hapo ndipo ninapoihesabu kuwa kazi mbaya iliyofanywa kwa ustadi.

Nanyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, msicheke sana. Mnakuja na kinasa sauti, mtu anaanza kueleza tangu kijijini kwake, nanyi mnasema: "Mama, kwa ufupi tafadhali." Kinachobaki kwenye filamu ni pale alipolia.

Tarehe 18 Desemba 2023, kampeni ikifungwa Kinshasa, ilitoka nyingine: mashambulizi yakiendelea, Bunge litaitwa ili vita vitangazwe. Goma ilianguka Januari 2025, Bukavu Februari. Hakuna vita vilivyotangazwa na Bunge. Tarehe 4 Desemba 2025 marais hao wawili walikuwa Washington wakisaini karatasi moja. Siku chache baadaye Uvira ikachukuliwa, na watu wakafika hapa usiku na magodoro kichwani. Kwenye simu za baadhi yao odio ya Bukavu ilikuwa bado ipo. Hotuba yenyewe, yote mzima, nimeiulizia kwa wengi. Sijapata hata mmoja aliyeiweka.